Uso wa Mama Mkwe

Mdogo wangu alifungwa miaka saba kwa sababu mama mkwe wake alikuwa na adabu. Watu wakiniuliza nawajibu hivyo hivyo, na wengi hudhani nafanya mzaha. Sifanyi mzaha. Umri wangu sasa unaniruhusu kulisimulia jambo hili bila sauti kukatika, ingawa hasira haijaniisha, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya dhiki, madukani hamna kitu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma. Mdogo wangu alikuwa Bunda, pale Kabasa, fundi baiskeli, akiishi na mke wake na watoto wao watatu. Tulifua nguo kwa majivu na majani ya mpapai. Sabuni ikiletwa kwenye duka la ushirika, watu walipanga foleni tangu alfajiri kwa kipande kimoja kila kaya, na mara nyingi kiliisha foleni ikiwa ndefu bado. Mwalimu mzima nilikuwa naingia darasani na gauni lenye madoa ya kijani ya mpapai, watoto wananiheshimu kwa sababu ya fimbo tu.

Mwaka huo baba mkwe wa mdogo wangu alikuwa anaumwa kijijini kwao, kule kando ya ziwa kwenye rasi ya Majita. Alikuwa kitandani kwa miezi, ngozi ya mgongo imeanza kuchubuka na kutoa harufu. Mdogo wangu akapata sabuni miche mitano. Aliipata wapi? Kila mtu wa ziwani alijua sabuni ilikotoka siku zile. Wavuvi walivuka nayo kutoka ng'ambo ya mpaka, na kuinunua kwao lilikuwa kosa, lakini nani hakununua? Miche miwili akamwachia mke wake pale Kabasa. Mitatu akaifunga kwenye keria ya baiskeli, akaondoka asubuhi, akafika kwa wakwe zake jioni. Akalala huko, kwenye kibanda cha mashemeji zake, ambao wenyewe walikuwa ziwani wakivua. Kesho yake akarudi.

Usiku huo aliolala Majita, duka moja la ushirika karibu na Bunda lilivunjwa. Ikaibwa katoni ya sabuni na doti kadhaa za khanga. Polisi wakapita nyumba kwa nyumba, na nyumbani kwa mdogo wangu wakakuta ile miche miwili. Basi, hawakutafuta tena. Wavuvi waliomuuzia hakuwataja, kwa sababu kuwataja kungewafunga wao, tena na yeye pamoja nao. Alisema tu kwamba usiku ule alikuwa kwa wakwe zake.

Sasa nieleze habari ya mkwe, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu Butiama, na kwa wale wa ziwani vilevile, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe. Mama yangu mzazi aliozesha mabinti wawili, na alikufa bila kujua waume zao wana macho ya namna gani. Kwa hiyo jioni ile mdogo wangu alipofika na sabuni, mama mkwe alimsalimia akiwa ndani, kupitia ukuta wa fito. Akauliza wajukuu hawajambo. Akapika ugali na sato, akakiweka chakula kizingitini, akajiondoa, ndipo mkwe akaja kukichukua. Mzee mwenyewe alifariki wiki mbili baadaye, kabla ya kesi. Shahidi aliyebaki duniani wa kusema mdogo wangu alilala wapi alikuwa mama huyo peke yake.

Mimi ndiye niliyemfuata kijijini na kumleta mahakamani. Mahakama ipi, sitaitaja. Hakimu alikuwa kijana aliyetoka mbali, huko ambako pengine mtu na mkwe wake hula meza moja wakachekeana. Mama alikuwa amevaa khanga mbili, moja ameivuta kichwani mpaka ikafunika nyusi. Alipopanda kizimbani akamgeuzia mshtakiwa mgongo. Na mdogo wangu naye, upande wa pili, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Hakimu aliona yote mawili, nami nikamwona akiyaona.

"Muulize kama anamfahamu mshtakiwa."

Mkalimani akauliza. Mama akajibu kwa sauti ndogo.

"Anasema anamfahamu baba wa wajukuu zake."

"Sikuuliza wajukuu. Huyo mtu aliyelala kwake yupo humu ndani? Amwonyeshe."

Mama hakugeuka. Alivuta khanga ikashuka zaidi.

"Basi amtaje kwa jina."

Mama akaziba mdomo kwa pindo la khanga. Mkalimani alikuwa kijana wa mjini, lugha ya kina mama wa Majita aliijua kwa kuokoteza. Alingoja kidogo, akakuna shingo, kisha akasema, "Hataki, mheshimiwa."

Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nilijua kinachotokea. Kiswahili cha kitabu ninacho, cheti cha ualimu ninacho, mdomo ninao, tena mdomo mrefu, waliosoma kwangu watakuambia. Nilihitaji kusimama tu na kusema: mheshimiwa, kwetu mkwe hatazamwi wala hatajwi, mama huyu hamfichi mtu, anamheshimu. Dakika moja. Nikakaa. Ningependa kusema kwamba niliogopa askari wa mlangoni, na ni kweli alikuwa amekwisha kumtoa nje mzee mmoja aliyekuja na kofia. Lakini sababu yenyewe ni kwamba niliona haya. Hakimu alikuwa na miwani na suti, anaandika kwa kalamu ya wino. Mimi miaka yote ya chuo nilikuwa najikung'uta mambo ya nyumbani, nikiyaita ya kishamba. Nilifikiri nikisimama na habari za mkwe hatazamwi, mtu yule msomi ataniona mshamba. Nikaangalia sakafu.

Akapewa miaka saba. Nilimrudisha mama kijijini juu ya lori la pamba, na njia nzima hakuniuliza kitu.

Notisi ya rufaa mdogo wangu aliiweka dole gumba huko huko gerezani. Ilibaki kazi ya kupata nakala ya hukumu, na hapo ndipo nilipojua maana ya nchi kuishiwa. Karani wa mahakama hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Mwalimu, karatasi hakuna. Ukileta karatasi tutapiga chapa." Shuleni kwetu mitihani tuliandika ubaoni kwa sababu hiyo hiyo. Padri wa parokia ya nyumbani akanipa nusu rimu iliyokuwa imeanza kupata njano. Nikaipeleka. Karani akaniambia ribon ya taipu imekauka. Nikapata mpiga chapa pale mtaa wa Mukendo, mjini, aliyekuwa akizifufua ribon kwa mafuta ya cherehani, akanifufulia moja. Nikaipeleka. Karani akahamishwa. Wa pili akasema faili halionekani. Lilipoonekana, ukurasa wa mwisho haukuwemo. Nilikuwa natoka darasani saa nane mchana na chaki mikononi, naenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi ile mpaka wanafunga. Walinizoea hata wakawa wananituma chai. Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo.

Siku niliyoipata nakala niliisomea njiani, nimesimama kwenye jua. Katikati ya ukurasa wa nne kulikuwa na sentensi ambayo naikumbuka mpaka leo. Ilisema shahidi wa utetezi alishindwa kumtazama mshtakiwa na kumtaja, na kwamba mwenendo wake na wa mshtakiwa mwenyewe, aliyekuwa akificha uso, uliithibitishia mahakama kuwa ni ushahidi wa uongo uliopangwa. Adabu yao wote wawili ilikuwa imegeuzwa hatia. Niliketi kwenye mtaro nikalia mbele za watu, na mimi si mtu wa kulia hadharani.

Pale Mukendo palikuwa na mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama. Akanisaidia kuandika sababu za rufaa. Alisoma sentensi ile mara mbili, akavua miwani.

"Huyu hakimu hakuambiwa?"

"Hakuambiwa."

"Na nyie wenyewe mlikuwepo?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Akasema jaji wa rufaa akipewa sababu ya maana anaweza kukubali kumsikiliza shahidi upya. Lakini safari hii shahidi lazima amtazame mtu wake na kumtaja. Bila hivyo ni kupoteza karatasi za padri.

Nikaenda gerezani kumweleza mdogo wangu. Tulikaa pande mbili za meza, askari katikati. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, amevaa shati na kaptura ya jela. Nilipomaliza kueleza akatikisa kichwa.

"Dada, usimlete."

"Ndiye shahidi wako pekee."

"Usimlete, nimesema. Siku ile ulimwona alivyokuwa anatetemeka? Na siku ile nilikuwaga na suruali yangu. Sasa niangalie." Akasogea nyuma ya meza nimwone vizuri. "Mkwe wangu aje anione magoti?"

"Umebakiza miaka mingi, baba."

"Itaisha. Kifungo huwa kinaisha. Aibu ya mkwe haiishagi. Watoto wangu wataonyeshwa vidole mpaka na wao wazae."

"Na ukifia humu?"

"Nikifa nitakuwa nimekufa na heshima yangu. Niahidi."

Nikamwahidi. Nilimdanganya nikiwa namtazama machoni. Nikatoka nje ya lango, nikapanda gari la Butiama siku hiyo hiyo kwenda kumwomba baba yetu mdogo ruhusa, nikijua atakataa. Akakataa. Alisema wakishatazamana hao si wakwe tena, wamekuwa watu wawili tu, na hakuna mbuzi wala sala ya kuwarudisha walipokuwa. Akaniuliza kama ualimu ndio ulionifundisha kuuza heshima ya watu. Nikamjibu vibaya, jambo ambalo sikuwa nimelifanya maishani. Nilimwambia heshima yake haijalala juu ya sakafu ya simenti hata siku moja. Aliondoka akaniacha nimesimama uani peke yangu.

Wakati huo mambo ya nchi yalikuwa yameanza kubadilika. Ruhusa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imetoka, wafanyabiashara wakaleta vitu, na pale sokoni Mukendo nguo za mitumba zikamwagwa chini kwenye maturubai. Na sabuni! Sabuni za rangi zote, za manukato, za magadi, zimepangwa kama matofali, na muuzaji anakuita dada karibu, dada nusa hii. Nilisimama mbele ya meza moja ya sabuni mpaka muuzaji akadhani naumwa. Mdogo wangu alikuwa amefungiwa miche miwili ya kitu ambacho sasa watoto walikuwa wanakichezea mapovu. Niliwatukana wote pale, muuzaji, wateja, serikali, na sabuni yenyewe. Hawakunielewa na sikuwalaumu.

Nilinunua mche mmoja wa kumpelekea mama mkwe. Nikaurudisha mezani. Nikanunua sukari.

Kijijini nilimkuta amekaa nje anamenya mihogo ya kuanika. Furu wa ziwani walikuwa wameanza kupotea miaka hiyo, samaki aliyekuwa anapatikana ni sangara, na yeye sangara hakumpenda, alisema ana mafuta kama nguruwe. Tukazungumza habari hizo kwanza. Kisha nikatoa nakala ya hukumu nikamsomea ile sentensi, naigeuza neno kwa neno katika lugha yake. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Ameandika kwamba mimi ni mwongo?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Na karatasi hiyo inakaa wapi?"

"Nyingine iko mahakamani, nyingine Mahakama Kuu, Mwanza. Zitakaa huko siku zote."

Akamenya muhogo mmoja, wa pili, wa tatu.

"Mwenyewe amesemaje?"

Nilikwisha danganya mtu mmoja kwa ajili ya jambo hili. Wa pili sikuweza. "Amekataa. Amesema afadhali amalize kifungo."

Akatingisha kichwa taratibu, na nilimwona amefurahi. "Ni mkwe mzuri huyo," akasema. "Mwanangu aliolewa na mtu." Akaweka kisu chini. "Nitakuja. Lakini asijue mpaka siku yenyewe, maana akijua ataugua."

Hivyo tukawa wawili wa kumficha.

Jaji alikuja Musoma kusikiliza kesi za kikao. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, anayezungumza polepole. Mdogo wangu alipoingizwa ukumbini aliona zile khanga mbili kwenye benchi la mashahidi, akageuka arudi alikotoka. Askari wakamshika. Akanitafuta kwa macho, akaniona, na yale macho sitayaeleza. Alisimamishwa kizimbani akiwa na kaptura yake. Akavuta shati chini kwa mikono yote miwili, kana kwamba linaweza kufika magotini.

Mama akaapishwa. Jaji akamwuliza kwa upole kama yuko tayari. Akasema yuko tayari. Akaishusha khanga ya kichwani ikalala mabegani, akageuka, akamtazama.

Mdogo wangu alifumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, uso wote ukajikunja, machozi yakapenya hivyo hivyo. Mama akaendelea kumtazama. Kisha akasema, "Ni huyu," na akalitaja jina lake, lile alilopewa na bibi yetu, lote, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Nyuma yangu wanawake wakaguna. Mmoja akainuka akatoka nje, namjua, ni wa kijijini kwao.

Nilidhani yamekwisha. Wakili wa serikali akasimama, kijana nadhifu, akauliza swali ambalo hata mzee wa Mukendo hakuwa amelifikiria.

"Mama, sababu za rufaa zinaieleza mahakama kwamba kwa mila zenu hujawahi kumtazama mkwe wako. Sasa umejuaje kwamba ni huyu?"

Mama aliangalia mikono yake muda mrefu, na alipoanza kusema mkalimani, safari hii mtu mzima wa Majita, alitafsiri huku amejiinamia.

"Nilimchungulia. Jioni ile. Nilikuwa namwosha mume wangu mgongo kwa ile sabuni aliyoileta. Mume wangu akalia, kwa sababu miezi yote hakuwa amesikia povu mwilini. Nikasema, huyu mtu aliyetufanyia hivi, nife bila kumwona? Nikaweka jicho kwenye ufa wa ukuta. Alikuwa anakula sato. Alikuwa anachambua miba anaipanga pembeni ya sahani. Nilimwangalia mpaka akamaliza. Sikuwahi kumwambia mtu. Nimekuja kuungama hapa kabla ya kwa padri."

Wakili wa serikali akakaa. Jaji akaandika kwa muda mrefu sana. Alipomaliza, aliinua kichwa akauliza, bila kumwuliza mtu yeyote hasa, kama siku ya kesi ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumweleza hakimu mila hii. Hakuna aliyejibu. Nami sikujibu. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Baada ya wiki chache rufaa ikakubaliwa. Alikuwa amekaa ndani miaka minne kasoro. Mimi na mke wake tulimngoja langoni, na suruali mpya imefungwa kwenye kitenge. Alichukua suruali, akaenda kuivaa nyuma ya kibanda cha askari. Akamshika mkewe mkono. Mimi akanipita.

Alirudi Kabasa kwenye baiskeli zake. Vipuri sasa vilikuwa tele, kazi ilimwendea vizuri, nasikia. Nasema nasikia kwa sababu kwangu Buhare hakukanyaga, na nikienda kwake anatoka anapitia mlango wa nyuma. Mkewe ananipikia chai tunakaa tunatazamana. Kwa wakwe zake pia hakwenda. Angekwendaje? Alimtumia mama mkwe vitu kwa mikono ya watu, blanketi, chumvi, mafuta ya taa, lakini njia ile ya kwenda ziwani hakuipita tena. Na mama mwenyewe kijijini walimwita aliyemvulia mkwe khanga. Kwenye misiba wanawake wa rika lake walivuta mikeka yao kidogo akikaa. Mara moja nilipokwenda kumwona nikampigia magoti, nikamwambia ukweli wa benchi la pili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungesimama, mwalimu." Kisha akaniuliza kama nitakula, nikala, na hakulirudia tena neno hilo.

Alifariki mwaka wa pili baada ya rufaa, kwa homa ya siku tatu. Niliwahi msibani. Nilikuwa nasaidia kuchota maji nilipoona baiskeli inakuja kwenye njia ya ziwani, na juu yake mdogo wangu, amefunga sanda na blanketi kwenye keria, kama inavyompasa mkwe. Wazee wa pale walijadiliana muda mrefu. Wengine walisema, kwa kuwa walikwisha tazamana, asogee kaburini kama mtoto. Mdogo wangu akawaambia, "Yeye ndiye aliyenitazama. Mimi sijamtazamaga." Wakaona ni kweli. Basi wakamweka mahali pa wakwe, mbali, kwenye ua wa minyaa nyuma ya zizi, ageuze mgongo mpaka wamalize kuzika.

Nikaacha ndoo nikamfuata. Nilisimama kando yake bila kusalimia, nikitegemea atanifukuza. Mimi niligeukia kaburini, yeye aligeukia minyaa. Huko nyuma yake wakaanza kuimba wimbo wa kanisani, kisha tukasikia udongo wa kwanza.

"Dada," akasema.

"Naam."

"Alikuwaje?"

Sikuelewa mara moja. Alikuwa bado ametazama minyaa, shingo imekaza.

"Uso wake," akasema. "Ulikuwaje?"

Nikamwambia. Nilisema alikuwa mweusi, mdogo wa uso, na masikio yaliyotobolewa matundu makubwa ya kizamani. Nikasema alikuwa na mwanya, na chunjua nyeusi hapa, kando ya pua. Nikamwambia amtazame binti yake wa kwanza, kuanzia kwenye paji mpaka chini ya macho, ni bibi yake mtupu.

"Na siku ile? Alikuwa amenikasirikia?"

"Hapana. Alikuwa analia. Lakini hakupepesa."

"Na mdomo wake?"

Nikamweleza mdomo. Nikamweleza shingo, na mikono ilivyoshika ukingo wa kizimba, na mvi zilipoanzia. Kila nilipotua alisema, "Endelea," na mimi nikaendelea mpaka walipomaliza kufukia.